Maswali ya Anga: Mombasa iliyoko kati ya Mirihi na Mshtarii

Orodha fupi ya asteroidi zenye majina ya Afrika Mashariki, tuliyoichapisha toleo lililopita, imeleta barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua tano. Mbili za mwanzo nimezipa nafasi kubwa kwa sababu zinagusa jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: mwamba wa angani unagunduliwaje hasa?

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika orodha yenu nimeona "1428 Mombasa". Nilikuwa nimesikia habari za Ceres na Vesta tu. Hii Mombasa ni kitu gani, nani aliigundua, na jina hilo lilifikaje huko?*

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Mombasa ni mwamba mweusi wenye upana wa kati ya kilomita 50 na 60, unaozunguka Jua katika ukanda wa asteroidi, yaani lile eneo pana lililo kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii. Kwa wastani uko mbali na Jua mara 2.8 kuliko Dunia, kama kilomita milioni 420. Mwaka wake mmoja ni miaka yetu minne na miezi minane hivi. Wenyewe unajizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa zaidi ya saa 16. Weusi wake ni wa madini yenye kaboni. Asteroidi za namna hiyo hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga zinaoupata, na kwa sababu hiyo, pamoja na umbali wake, mwamba mkubwa kiasi hicho hauonekani kwa macho hata usiku uwe safi namna gani.

Aliyeupata ni Cyril Jackson, tarehe 5 Julai 1937, katika kituo cha uangalizi wa nyota cha Union Observatory, Johannesburg. Jackson alizaliwa Ossett, huko Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903, akapelekwa Afrika Kusini angali mtoto, na akaanza kazi katika kituo hicho mwaka 1928. Kwa jumla aligundua asteroidi 72. Vilevile kuna vimondo vyenye mkia, zile nyota-mkia tunazozisoma, vinavyobeba jina lake pamoja na la wenzake.

Usidhani alikuwa amebandika jicho kwenye darubini akaona kitu kikipita. Tangu mwaka 1891, Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, alipoipata asteroidi 323 Brucia kwa picha, kazi hii ilihamia kwenye mabamba ya kioo. Johannesburg walikuwa na kamera ya nyota yenye lenzi ya sentimita 25, iliyokuwa ya Mwingereza John Franklin-Adams, yeye aliyejitolea kupiga picha anga lote. Bamba la kioo lilipakwa utandu wenye chumvi za fedha, likawekwa nyuma ya lenzi gizani, na likaachwa lipokee mwanga kwa muda mrefu huku kamera nzima ikisogezwa polepole kufuata nyota. Bamba likishaoshwa, nyota zilitokea kama nukta nyeusi kwenye kioo cheupe, maelfu kwa maelfu. Nyota zote zilikuwa nukta za mviringo. Asteroidi, kwa kuwa ilisogea wakati bamba likipokea mwanga, iliacha kijistari kifupi mno.

Njia ya pili ilikuwa kupiga picha mbili za eneo lilelile kwa nyakati tofauti, kisha kuziweka kwenye hadubini yenye kioo kinachopindua mtazamo: unaona picha ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, haraka haraka. Kisichotulia ndicho unachokitafuta. Kwa chombo cha aina hiyo, Robert Innes, mkuu wa kituo hichohicho, alikuwa amekwisha kuipata Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya Jua.

Niliwahi kushika bamba la zamani la aina hii kwa mikono yangu, nikiwa nimevaa glavu nyembamba za pamba, mbele ya meza yenye taa chini yake. Jambo la kwanza lililonipata ni kutoamini. Kulikuwa na mikwaruzo, chembe za vumbi zilizoganda ndani ya utandu, na alama ya kidole cha mtu pembeni. Kila doa lilijifanya nyota. Aliyekuwa akinionyesha alinipa kioo cha kukuzia, akasema nitafute kijistari kwenye mraba mmoja mdogo uliochorwa kwa wino. Nikakiona pale aliponielekezea kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kifupi kuliko unene wa ukucha, chenye wekundu hafifu wa wino kukizunguka. Mtu aliyekipata mara ya kwanza hakuwa na mraba wa wino. Alipita bamba lote, mstari kwa mstari.

Sasa angalia tarehe. Kuanzia namba 1427 hadi 1432 utakuta Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda na Ethiopia, zote sita kazi ya Jackson, kati ya Mei na Agosti ya mwaka huohuo wa 1937. Pemba ni ya tarehe 2 Julai. Mombasa na Somalia ni za usiku mmoja. Kenya na Uganda nazo zilipatikana siku moja, tarehe 15 Juni 1933. Tanga ni ya 19 Juni 1930, ambayo Jackson aliipata pamoja na Harry Edwin Wood. Mei, Juni, Julai, Agosti: kwa nini miezi hiyo tu?

Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa upande wa pili wa Dunia, mkabala na Jua, ikichomoza Jua linapozama na kufika juu kabisa usiku wa manane. Mwezi wa Juni na Julai Jua liko kaskazini, kwa hiyo eneo lililo mkabala nalo liko kusini kabisa, kwenye nyota za Nge na Mshale. Mwangalizi wa Heidelberg huliona eneo hilo limelala chini karibu na upeo, nyuzi 17 tu juu ya ardhi, ndani ya hewa nzito na ukungu, na usiku wenyewe wa kiangazi cha Ulaya ni mfupi. Johannesburg eneo hilohilo liko utosini. Tena hicho ndicho kipupwe cha nyanda za juu za kule: usiku ni mrefu, hewa ni kavu, mawingu ni nadra. Wazungu wa kaskazini walikuwa na darubini nyingi na wataalamu wengi, lakini kwa miezi hiyo mlango ulikuwa wazi kusini. Jackson na wenzake waliutumia kila mwaka. Hii ndiyo sababu kubwa ya Afrika kuwa na majina mengi hivyo katika ukanda ule, na ningependa kila mwalimu wa jiografia aifundishe.

Kuhusu jina: aliyegundua ndiye mwenye haki ya kupendekeza, na Jackson aliifungua ramani ya bara hili. Alichukua mito, kama Tana, Ruvuma na Limpopo, alichukua nchi, alichukua miji ya bandari, Mombasa ikiwa mmojawapo. Kabla ya jina hilo mwamba wako uliitwa 1937 NO. Hiyo ni hati ya muda: herufi N ni nusu ya kwanza ya Julai, na O ni ya kumi na nne katika orodha ya nusu mwezi ile, kwa kuwa herufi I hairuhusiwi. Somalia ilikuwa 1937 NK, ya kumi. Jifunze kuisoma hati hiyo na utaweza kuijua nusu ya mwezi wa asteroidi yoyote ya karne iliyopita kuanzia mwaka 1925, mfumo huu ulipoanza.

SWALI: *Mwalimu, nimekaa na orodha yenu na kalamu mkononi. Tanga iligunduliwa 1930 lakini namba yake ni 1595. Kenya ya 1933 ni 1278. Ruanda ya 1935 ni 1638, halafu Mombasa ya 1937 ni 1428. Nilikuwa karani wa kumbukumbu miaka mingi kabla ya kustaafu, na namba zisizofuata tarehe haziniingii akilini. Nani amekosea hapa?*

JIBU: Hakuna aliyekosea, mzee mwenzangu, na nakushukuru kwa kukaa na kalamu. Tarehe na namba ni kumbukumbu za mambo mawili tofauti. Tarehe ni ya picha. Namba ni ya njia: hutolewa pale tu wanahesabu wanapoweza kusema kwa uhakika mwamba ule utakuwa wapi mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Kabla ya hapo ni nukta iliyoonekana ikapotea.

Tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Mombasa huchukua siku zipatazo 1,720 kulizunguka Jua. Tuseme uliipata Julai ukaipiga picha kwa siku kumi. Hicho ni kipande kisichofika asilimia moja ya njia yake. Kwa kipande hicho unatakiwa kuchora duara zima lililobonyea, na kujua limelala kwa mshazari gani. Kosa dogo la kupima nukta kwenye kioo, upana wa unywele, linakuwa kosa la mamilioni ya kilomita baada ya mwaka. Na mwaka huo lazima upite. Dunia huikimbiza asteroidi ile na kuipita kila baada ya miezi kama 15. Ukishaipita, huingia nyuma ya mwanga wa Jua na huwezi kuipiga picha tena hadi zamu ijayo. Zamu ijayo kukiwa na mawingu, au hesabu ikikuelekeza mahali pasipo, utasubiri miezi mingine 15, huku kosa likizidi kukua.

Tatizo hili lina umri sawa na asteroidi zenyewe. Padri Giuseppe Piazzi aliiona Ceres huko Palermo, Sicilia, tarehe 1 Januari 1801. Aliifuata mpaka 11 Februari, akaugua, na punde Ceres ikazama katika mwanga wa Jua. Ulaya nzima ikawa na sayari mpya isiyojulikana ilipo. Aliyeiokoa ni Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, ambaye hakuhitaji darubini: alibuni njia ya kukokotoa mzunguko kutokana na vipimo vichache, akasema itafutwe wapi. Usiku wa 31 Desemba mwaka huohuo Franz Xaver von Zach aliikuta karibu na hapo. Kila mtoto anayelisoma jina la Piazzi ningependa alisome na la Gauss, maana bila huyu wa pili Ceres ingekuwa uvumi.

Bila hesabu ya kutosha watu hugundua kitu kimoja mara mbili. Wood, yule aliyeshirikiana na Jackson kwenye Tanga, aliipata asteroidi 715 Transvaalia hapo Johannesburg tarehe 22 Aprili 1911. Mwaka 1920 asteroidi "mpya" ikapatikana, ikapewa namba 933 na jina Susi. Mwaka 1928 hesabu zikaonyesha kwamba Susi na Transvaalia ni mwamba mmoja! Miaka minane ulikuwa umeandikwa kwenye daftari kwa majina mawili. Jina la Transvaalia likabaki, na namba 933 pamoja na jina Susi vikahamishiwa kwa mwamba mwingine uliopatikana mwaka 1927. Wewe uliyekuwa karani wa kumbukumbu utaelewa uchungu wa kufuta mstari katika kitabu ambacho watu wamekwisha kukinukuu.

Upo pia upande mbaya zaidi, wa kutoa namba kabla ya wakati. Asteroidi 878 Mildred ilionekana na Seth Nicholson katika mlima Wilson, California, mwaka 1916. Ikapewa namba, ikapewa jina la mtoto mchanga wa mwanafalaki mwenzake, Harlow Shapley, kisha ikapotea. Miaka ikapita, mtoto akawa mama mtu mzima, na asteroidi yenye jina lake hakuna aliyejua iliko. Ilipatikana tena mwaka 1991, pale Gareth Williams alipounganisha picha mpya na vipimo vya zamani akaona vinaafikiana. Miaka 75!

Sasa rudi kwenye Tanga. Picha ya Juni 1930 ilikuwepo, imepimwa na kupewa hati yake ya muda, 1930 ME. Lakini vipimo havikutosha kuifunga njia yake. Kenya na Uganda zilizoonekana miaka mitatu baadaye zilifuatiliwa vizuri zaidi, zikapata namba mbele yake. Mombasa nayo ikaipita Ruanda kwa namna hiyohiyo. Siku hizo namba zilitolewa na taasisi ya hesabu za nyota ya Berlin, iliyokusanya vipimo kutoka kila kituo duniani. Vita vya Pili vikaivuruga kazi hiyo; Jackson mwenyewe aliingia jeshini. Mwaka 1947 daftari likahamia Cincinnati, Marekani, chini ya Paul Herget, na leo liko Cambridge, Massachusetts. Ukiziona 1595 na 1638 kwenye orodha yako, unaona miamba iliyosubiri kwenye foleni.

Huwa nasikitika kwamba orodha ina nafasi ya jina moja tu mbele ya kila asteroidi. Jackson anastahili heshima yake yote. Kukaa kwenye baridi ya Julai usiku kucha ukiiongoza kamera si kazi ndogo, na kupitia bamba mchana uliofuata ni kazi kubwa zaidi. Ila kulikuwa na watu kwenye vyumba vya hesabu, wenye vitabu vya logarithi na baadaye mashine za kuzungusha kwa mkono, waliojaza kurasa kwa kila njia moja. Walipima, wakakokotoa, wakatabiri, wakaandika kwa kituo kingine kabisa kwamba tafadhali tazameni mahali fulani tarehe fulani. Yule wa kituo kingine akatazama akakuta kitu. Huo ndio wakati ninaouhesabu mimi kuwa ugunduzi umekamilika, na ndiyo maana mtu akinitajia asteroidi huwa namuuliza namba kabla ya mwaka.

SWALI: *Mwalimu, mwamba wa kilomita 50! Ukituangukia je? Nina watoto wadogo na habari hizi zinanikosesha usingizi.*

JIBU: Lala, mama. Mombasa hata inapokuwa karibu na Jua kuliko nyakati zote bado iko mbali nalo mara 2.4 kuliko sisi. Maana yake ni kwamba kati yake na Dunia hubaki nafasi ya kilomita milioni 200 hivi kwa uchache. Hivyo ndivyo zilivyo nyingi sana za ukanda ule: zina njia zake, nasi tuna yetu. Zinazofuatiliwa kwa hofu ni kundi jingine, dogo kwa idadi, ambalo njia zake huja hadi karibu na njia ya Dunia. Hata hizo, usalama wetu unategemea kazi ileile niliyomweleza mzee hapo juu, yaani kuijua njia mapema na kwa usahihi. Ukisoma habari kwamba asteroidi fulani ina uwezekano mdogo wa kuigonga Dunia, kisha wiki mbili baadaye ukasoma kwamba uwezekano umeondoka, hakuna aliyekuficha kitu. Vipimo vimeongezeka, njia imekazwa.

SWALI: *Nina darubini ya macho mawili tu. Naweza kuiona asteroidi yoyote mwenyewe, au ni mambo ya wenye vituo?*

JIBU: Unaweza, na nakuomba ufanye hivyo. Si Mombasa, hiyo inataka darubini yenye kioo cha sentimita 25 au zaidi, au kamera ya kukusanya mwanga. Anza na Vesta. Ndiyo inayong'aa kuliko zote katika ukanda, na zamu nzuri ikifika huweza hata kuonekana kwa macho matupu penye giza la kutosha. Heinrich Olbers aliipata tarehe 29 Machi 1807, na chombo cha anga kiitwacho Dawn kiliizunguka kuanzia 2011 kabla ya kwenda Ceres mwaka 2015, kwa hiyo unapoitazama unatazama mahali ambapo milima yake tayari tunayo kwenye ramani.

Njia yangu ni hii. Natafuta kwenye programu ya ramani za nyota mahali Vesta ilipo wiki hiyo. Naegemeza viwiko ukutani ili picha isitetemeke. Tochi naifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe huua uwezo wa jicho kuona gizani kwa muda mrefu. Kisha nachora kila nukta ninayoiona ndani ya duara la darubini kwenye karatasi ya miraba: kubwa kwa nyota kali, ndogo kwa hafifu. Sijiambii ipi ni Vesta. Nachora zote, naandika tarehe na saa, naingia ndani. Baada ya usiku mbili tatu narudi na karatasi mpya, nachora upya bila kutazama ile ya kwanza.

Karatasi mbili zikishakaa pamoja chini ya taa, ndipo utakapoona. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa subira kulikuwa na nyota nne zilizokaa kama kikombe, na ndani ya kikombe nukta moja. Kwenye karatasi ya pili kikombe kilikuwa palepale, na nukta ilikuwa imetoka nje ya ukingo wa magharibi. Nilirudi nje nikahakiki, nikasimama pale nikitetemeka, na sikuwa nasikia baridi. Wakati wa zamu yake asteroidi ya ukanda husogea kwa siku mbili au tatu umbali unaolingana na upana wa Mwezi mpevu. Na husogea kuelekea magharibi, kinyumenyume, kwa sababu Dunia ndiyo inayoipita, kama vile lori unalolipita barabarani linavyoonekana kurudi nyuma ukilitazama kwenye dirisha la basi.

Usichore usiku wa mbalamwezi.

SWALI: *Je, mtu wa kawaida bado anaweza kugundua asteroidi na kuipa jina la mama yake? Nimeona pia watu wanaouza majina ya nyota na kutoa cheti.*

JIBU: Hicho cheti usikinunue. Hakuna duka lenye mamlaka ya kuipa nyota jina, wala asteroidi, na jina ulilolilipia halitaandikwa kwenye daftari lolote la wanafalaki.

Kugundua bado kunawezekana, ila ushindani umebadilika. Asteroidi zilizokwisha kuonekana zimepita milioni moja. Kituo kipya cha Vera Rubin kilichoko Chile kilipotoa picha zake za mwanzo mwaka 2025 kilikuwa kimekwisha kupata mpya zaidi ya 2,000 kwa saa chache za majaribio. Kushindana na mashine hiyo kwa darubini ya uani ni kujichosha. Mlango ulio wazi kwa wanafunzi na vikundi ni mpango wa International Astronomical Search Collaboration: unawapa washiriki, bila malipo, picha halisi kutoka darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii, nao wanazipitia kwenye kompyuta kwa programu iitwayo Astrometrica. Picha nne za eneo moja hupishana kwenye skrini, na wewe unatafuta kisichotulia. Jackson angekitambua kitendo hicho mara moja.

Ila jiandae kwa subira. Ukiripoti nukta, kwanza ni dai tu. Likithibitishwa na vipimo vingine, linapata hati ya muda. Kutoka hapo mpaka njia ifungwe na namba itoke ni kazi ya zamu kadhaa, kwa hiyo ni miaka. Namba ikishatoka, aliyetambuliwa kuwa mgunduzi ana miaka kumi ya kupendekeza jina kwa kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Falaki. Jina lisizidi herufi 16, lisifanane mno na lililopo, lisiwe la kutangaza biashara. Na kama ni la mwanasiasa au mwanajeshi, lazima awe amefariki miaka 100 iliyopita. Jina la mama yako halikatazwi. Kusanya wenzako, mtafute mwalimu mmoja awe kiongozi wa kikundi, mjiandikishe kwa kampeni ijayo, na mkipata hati ya muda niandikieni. Nitawaeleza jinsi ya kuifuatilia isipotee.